Kinachomkwamisha mtoto wa Kigoma mlangoni mwa chuo si ada peke yake

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo ambalo wazazi wengi wa Kigoma na Tabora hulijua likiwa limeshachelewa. Fedha inayomkwamisha mtoto wa mkulima au mvuvi anapofika chuo kikuu cha umma mara nyingi si ada. Ni ile inayotakiwa kati ya siku anayopanda basi na siku anayosaini boom yake ya kwanza, yaani fedha ya kujikimu itokanayo na mkopo.

Ada yenyewe inajulikana. Kozi nyingi za shahada ya kwanza katika vyuo vya umma huzunguka shilingi milioni moja kwa mwaka, nyingine chini ya hapo, za sayansi na uhandisi juu kidogo. Aliyepata mkopo, sehemu hiyo Bodi ya Mikopo hulipa moja kwa moja chuoni, yote au asilimia fulani. Mzazi akishasikia mwanawe "amepata mkopo" hupumua, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ada ya kidato cha tano na sita imefutwa, kwa hiyo kaya nyingi zimemfikisha mtoto mwisho wa sekondari bila kuzoea kulipa fedha nyingi kwa mkupuo. Barua ya kujiunga na chuo huja kama mvua ya mawe.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayetoka Kigoma kwenda Dar es Salaam, aliyepangiwa mkopo wa asilimia 60 ya ada ya milioni moja. Njia ya Tabora, Manyoni na Dodoma ina takriban kilomita 1,250. Kwa nauli elekezi ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliyoanza kutumika Desemba 2023, shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida, hiyo ni kama 60,000 kabla ya mzigo na kula njiani. Basi linalozungukia Kibondo, Nyakanazi na Kahama lina kilomita nyingi zaidi, na la daraja la kati lina kiwango cha juu zaidi. Akifika anadaiwa shilingi 20,000 za uhakiki wa ubora za Tume ya Vyuo Vikuu na 50,400 za bima ya afya ya NHIF. Asilimia 40 ya ada iliyobaki ni 400,000. Ikigawanywa kwa mihula miwili, muhula wa kwanza anatakiwa 200,000. Akikosa kitanda hosteli, mwenye nyumba hatapokea kodi ya mwezi mmoja. Anataka miezi sita, na chumba cha 50,000 cha kuchangia kinamtoa 300,000 siku ya kwanza. Weka 100,000 ya godoro, ndoo, jiko na vyombo. Weka chakula cha 6,000 kwa siku kwa wiki nne, 168,000.

Jumla ni shilingi 898,400. Hapo hatujataja kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi, fomu ya uchunguzi wa afya, wala kompyuta mpakato ambayo siku hizi baadhi ya kozi haziendi bila hiyo. Na huyu ni mwanafunzi mwenye mkopo.

Sasa tuangalie fedha hiyo inatakiwa lini. Vyuo hufunguliwa karibu na Oktoba na Novemba. Kasulu, Buhigwe na Kibondo huo ni mwezi wa kununua mbegu na mbolea, wala si wa kuuza maharage. Yaliyovunwa katikati ya mwaka yameshauzwa au yameshaliwa. Urambo, Kaliua na Sikonge mkulima wa tumbaku aliuza miezi ya nyuma, AMCOS, yaani chama chake cha ushirika, ikakata mkopo wa pembejeo, na kilichobaki kimeshaanza kurudi kwenye vitalu vya msimu mpya. Kwa mvuvi wa dagaa na migebuka hali haina nafuu. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi ileile ambayo familia ingekuwa inaweka akiba ya Oktoba. Hatupingi ziwa kupumzishwa, samaki wanahitaji kuzaliana. Tunasema tu kwamba kalenda ya chuo na kalenda ya mfuko wa mzazi wa huku hazijawahi kukutana.

Mkopo nao una kalenda yake. Majina ya waliopangiwa hutoka kwa awamu, na wapo wanaoyaona majina yao wakati wenzao wameshaanza vipindi. Fedha ya chakula na malazi, ambayo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, hailipwi mpaka mwanafunzi awe amesajiliwa chuoni na kusaini. Chuo nacho humtaka aoneshe malipo ndipo kimsajili. Mwanafunzi asiye na laki mbili za ada iliyobaki hasajiliwi, asiyesajiliwa hasaini, asiyesaini hana cha kula. Tumeona vijana wanaorudi nyumbani wakiwa na mkopo uliokwishaidhinishwa kwa majina yao, na hakuna taarifa yoyote inayowahesabu kama walioshindwa gharama.

Elfu kumi kwa siku ni nyingi au kidogo? Ukiondoa 6,000 za milo mitatu ya mama ntilie zinabaki 4,000, sawa na 120,000 kwa mwezi, kwa ajili ya chumba, daladala, bando, sabuni na kutoa nakala. Aliye hosteli anaweza kumudu. Anayepanga na kupanda daladala mbili hadi chuoni hula milo miwili. Vitabu na viandikwa vina fungu lao la 200,000 kwa mwaka, ambalo kwa wengi huishia kwenye kodi ya nyumba. Nauli haina fungu kabisa. Mtoto wa Kibaha na mtoto wa Kakonko wanahesabiwa sawa, ingawa mmoja hurudi nyumbani kwa daladala na mwingine anasafiri siku nzima na zaidi. Likizo fupi mtoto wa Kakonko habanduki chuoni, na siku zisizo za masomo hana posho.

Haya ya sera tutayarudia. Kwanza tuseme yaliyo mikononi mwa mzazi na mwombaji, kwa sababu sehemu kubwa ya wanaokosa mkopo huku hawaukosi kwa kuwa na uwezo. Wanaukosa kwa fomu.

Kosa la kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Bodi haipokei cheti ambacho RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, haijakihakiki, na uhakiki huo hufanyika kwa mtandao kwa ada ya shilingi 3,000 kwa cheti. Yatima ahakiki pia cheti cha kifo cha mzazi, vinginevyo mfumo humsoma kama mwenye wazazi wote wawili. Vijana wengi wa vijijini hawana cheti hata kimoja mpaka wamalize kidato cha sita, na kukitafuta Julai ni kuchelewa. Cheti kitafutwe mtoto akiwa kidato cha tano. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha mtihani cha NECTA na kitambulisho cha taifa cha NIDA yafanane herufi kwa herufi. "Ntibazonkiza" mmoja kwenye cheti na "Ntibazokiza" kwenye akaunti ya benki hutosha kurudisha boom ilikotoka. Mikoa ya mpakani uhakiki wa NIDA huchukua muda zaidi, kwa hiyo nao usisubiri matokeo.

Kosa la pili ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Namba iliyotumika kuomba mkopo lazima iwe ileile iliyotumika kuomba udahili, kwa sababu hiyo ndiyo inayounganisha mfumo wa Bodi na orodha za vyuo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili. Akitumia moja chuoni na nyingine kwenye mkopo, kompyuta inaona watu wawili: mmoja mwenye chuo asiyeomba mkopo, mwingine aliyeomba mkopo asiye na chuo.

Kosa la tatu, na hili linatukera kuliko yote, ni steshenari. Kijana analipa shilingi 30,000 za maombi ya mkopo kwa kontroo namba, anamwongezea mwenye steshenari ujira wake, naye humfungulia akaunti za mkopo na za udahili kwa barua pepe na namba ya simu ya dukani. Wiki sita baadaye udahili wa vyuo viwili umetoka, ujumbe wa kuthibitisha chuo kimoja umekwenda kwenye simu ya steshenari, na muda wa kuthibitisha unapita. Asiyethibitisha hana chuo, na mkopo hufuata chuo. Barua pepe na laini ya simu viwe vya mwombaji mwenyewe, nywila iandikwe kwenye daftari linalobaki nyumbani.

Fomu ikishajazwa huchapwa, husainiwa na mwombaji, mdhamini mwenye kitambulisho kinachotambulika, mtendaji wa kijiji au mtaa, na hakimu au wakili wa viapo, kisha kurasa zenye sahihi hurudishwa mtandaoni. Mhuri uliofifia na ukurasa uliopigwa picha kwa simu gizani ni sababu tosha ya fomu kuonekana haijakamilika. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini iandike namba yake; wapo wanaoacha nafasi hiyo wazi kwa aibu, na hiyo ndiyo iliyokuwa inawabeba. Mwenye ulemavu aambatishe fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Aliyefaulu vizuri sana masomo ya sayansi aangalie pia ufadhili wa Samia ulioanza 2022/23, ambao si mkopo.

Aliyepangiwa kidogo asikae kimya. Dirisha la rufaa hufunguliwa baada ya awamu za upangaji, kupitia akaunti ileile ya mwombaji, na linataka nyaraka mpya. Barua ya kulia umaskini bila kiambatisho haisaidii. Mwenye kadi hai ya NHIF kupitia mzazi mtumishi aipeleke chuoni siku ya usajili asije akalipia bima mara mbili. Na mzazi ajue tangu mapema kwamba huu ni mkopo: miaka miwili baada ya kuhitimu marejesho yanaanza, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa ikifanya deni livimbe ilifutwa 2021, na tunaishukuru Serikali kwa hilo.

Ipo pia njia ya kusoma karibu. Chuo Kikuu Huria kina vituo Kigoma na Tabora, Taasisi ya Uhasibu ina kampasi Kigoma, na Chuo Kikuu cha Muhimbili kinajengewa kampasi mkoani kwetu kupitia HEET, mradi wa Serikali wa kukuza elimu ya juu. Ni hatua nzuri. Lakini anayetaka ualimu wa fizikia au uhandisi wa umeme mwaka huu bado atapanda basi.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya.

Vyuo vikuu vya umma viweke kwenye tangazo la udahili, kabla mwombaji hajathibitisha, karatasi moja yenye kila shilingi itakayodaiwa mwaka wa kwanza na tarehe yake: ada, michango, hosteli, vifaa vya kozi. Siku hizi orodha kamili huja na barua ya kujiunga, wakati mwombaji ameshafunga mlango wa vyuo vingine. Kozi mbili zenye ada sawa zinaweza kupishana laki tatu kwa vifaa tu.

Aliye kwenye orodha ya Bodi asajiliwe kwa muda na aruhusiwe kusaini fedha ya kujikimu, ada iliyobaki aidaiwe kabla ya mitihani ya muhula wa kwanza. Chuo hakipotezi kitu, maana matokeo yake kinayashikilia chenyewe. Na Bodi iongeze fungu la nauli ya kwenda na kurudi mara moja kwa mwaka kwa kilomita, kwa viwango vya LATRA ambavyo vipo tayari. Kwa mfano wetu wa kilomita 1,250 ni kama 121,000 kwa mwaka, nayo ingerejeshwa kama mkopo mwingine wowote.

La mwisho ni la kwetu mkoani, na linaweza kuanza Julai ijayo. Halmashauri zipange siku moja kwa kila tarafa ambapo ofisa wa RITA wa wilaya, hakimu wa mwanzo, watendaji wa vijiji na mtu mwenye skana wanakaa shule moja ya sekondari kuanzia asubuhi. Leo kijana wa Heru Ushingo anasafiri kwenda Kasulu mjini mara ya kwanza kwa cheti, mara ya pili kwa hakimu aliyekuwa kwenye kikao, mara ya tatu kwa sababu mhuri wa mtendaji haukusomeka. Nauli hizo nazo ni gharama ya chuo kikuu, na analipa kabla hata hajakubaliwa.

Walimu wa ushauri nasaha, shule za sekondari,
Kasulu, Kigoma