Theluji ya wenzetu, mwani wetu

Ndugu mhariri, asalaam alaykum,

Mie natembeza wageni huku Nungwi, kaskazi hii nlikua na Mtaliano mmoja wa milimani kwao, anakodisha viatu vya kuskii, yani kuteleza juu ya theluji, akanambia siku hizi theluji hawaingoji mbinguni, wanaitengeneza kwa mashine, maji yanarushwa kwenye baridi yanaganda kabla hayajafika chini. Nlidhani ananitania wallahi! Kumbe hata Olimpiki ya Beijing 2022 karibu theluji yote ilikua ya mashine. Na kule Davos, Uswisi, wanaifukia theluji na vumbi la mbao msimu wa joto wote isiyayuke, mwaka ujao waitandaze tena, yani kama sie tunavyofukia barafu za samaki. Lakini mashine nayo yataka baridi, na maji mengi na umeme, ndo maana wengine wameanza kuuza baiskeli za milimani na matembezi badala ya skii. Chacaltaya kule Bolivia, walikokua wakiskii, barafu ya mlimani ilikwisha kabisa 2009, wakabaki na mawe tu.

Sasa mhariri mie nauliza, sie na bahari yetu je? Mama zetu Paje na Jambiani mwani wa kotoni, aina moja ya mwani wanaolima, unawafia sababu maji yamepata moto, matumbawe yalipauka 1998 na 2016, na hoteli bado zinajengwa miguuni mwa maji. Wenzetu angalau wameshaanza kubadilisha biashara, huku kwetu tukikutana vikaoni twazungumza idadi ya vitanda tu.

Papasi mzee, Nungwi