Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Naomba daktari mmoja atakayesimama mahakamani

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MADAKTARI BINGWA KUTOA USHAHIDI WA KITAALAMU KATIKA MASHAURI YA MAJERAHA YA UPASUAJI WA KIZAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, na ni mdai katika shauri lililoko Mahakama Kuu dhidi ya hospitali ya umma iliyonitoa kizazi mwezi Novemba 2021. Nimeamua kukuandikia hadharani baada ya barua zangu tatu za kawaida kwenda ofisi mbalimbali kuishia njiani. Ya kwanza iligongwa muhuri wa kupokelewa, ya pili nikaahidiwa jibu ndani ya siku 14, na ya tatu sikuambiwa lolote hadi leo.

Kilichonifikisha hapa ni simu niliyopigiwa usiku wa kuamkia siku ya kusikilizwa kwa shauri langu, wiki mbili zilizopita. Aliyepiga ni daktari bingwa wa upasuaji wa mfumo wa mkojo, mtu mzima aliyestaafu na sasa anafanya kazi kwa mkataba, ambaye alinipima, akasoma kila karatasi niliyo nayo na kuniandikia taarifa ya kurasa sita. Alikuwa shahidi wangu wa pili, na kwa kweli ndiye shahidi pekee aliyeweza kueleza kilichotokea ndani ya mwili wangu nikiwa nimelala usingizi wa dawa. Aliniambia, "Mwalimu, nisamehe sana, kesho sitaweza kufika. Nimeshauriwa niangalie mkataba wangu." Sikumuuliza ni nani aliyemshauri, kwa kuwa sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona aibu, nami nilishindwa kumwongezea.

Asubuhi yake wakili wangu aliomba ahirisho. Wakili wa Serikali alipinga, akakumbusha kwamba hilo lilikuwa ahirisho la tatu kwa upande wa mdai, na Mheshimiwa Jaji akalitoa huku akisema wazi kwamba ni la mwisho. Nikauliza kama taarifa ile ya kurasa sita haiwezi kusomwa tu mbele ya mahakama, na wakili akanieleza kwamba taarifa ambayo mwandishi wake hayupo kuhojiwa na upande wa pili haitanifikisha popote.

Mheshimiwa Waziri, naomba nieleze jeraha lenyewe, kwa kuwa bila kulielewa ni rahisi kudhani kwamba mimi ni mgonjwa mwingine anayelalamikia upasuaji ambao haukumpendeza.

Kutoka kwenye kila figo hushuka mrija mwembamba unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Mrija huo hupita chini ya mshipa mkubwa wa damu wa kizazi, takriban sentimita mbili tu kutoka shingo ya kizazi, na wanafunzi wa udaktari hufundishwa kuukumbuka kwa maneno kwamba maji hupita chini ya daraja. Mtu anapotolewa kizazi, mshipa huo lazima ubanwe, ukatwe na kufungwa, na hapo ndipo mrija wa mkojo unapoweza kubanwa, kufungwa au kukatwa pamoja nao. Kizazi kikiwa na uvimbe mkubwa, kama kilivyokuwa changu, mrija unaweza kusukumwa ukahama mahali pake. Daktari wangu wa kurasa sita aliandika kwa haki kabisa kwamba hata mpasuaji makini anaweza kuujeruhi, na kwamba jeraha peke yake si uthibitisho wa uzembe. Nilipoisoma sentensi hiyo niliumia, kisha nikaelewa kwamba huyu ndiye shahidi ninayemhitaji, kwa sababu hakuja kunipendelea.

Maelezo yangu ya upasuaji yana mistari minne, na hakuna mstari unaotaja kama mirija ya mkojo ilitafutwa na kuonekana. Siku ya tisa baada ya upasuaji nilianza kuvuja. Nilirudi hospitali nikaambiwa kibofu kimechoka na kitapona. Nilirudi tena baada ya wiki mbili, nikamweleza mhudumu jambo ambalo kwangu lilikuwa la ajabu: nilikuwa nikienda chooni na kukojoa kama kawaida yangu, kibofu kikijaa na kuisha, na bado nikivuja mchana na usiku, nikiwa nimelala au nimesimama ubaoni. Alinijibu kwamba nipunguze maji na nifanye mazoezi ya nyonga. Sasa najua kwamba maneno hayo niliyoyasema mwenyewe yalikuwa dalili kamili. Mwanamke anayekojoa kawaida huku akivuja mfululizo anaweza kuwa na mrija mmoja unaoleta mkojo kibofuni na mwingine uliotobokea ukeni. Kuna kipimo cha kutofautisha, ambacho huweka pamba ukeni na kujaza kibofu maji yenye dawa ya rangi ya buluu. Pamba ikitoka ya buluu, tundu liko kwenye kibofu; ikitoka imelowa lakini haina rangi, tatizo liko juu zaidi, kwenye mrija unaotoka kwenye figo. Kwangu ilitoka imelowa na nyeupe. Kipimo hicho kilifanyika miezi saba baada ya upasuaji, katika hospitali nyingine, nilipofikishwa nikiwa na homa na maumivu ya ubavu wa kushoto.

Mwezi wa tano nilikuwa nimeanza kuvuja kidogo zaidi. Kutoka kanga nne kwa siku nikafika mbili. Nilitoa sadaka kanisani, nikasimama mbele ya waumini kushukuru kwamba Mungu ananiponya. Kumbe figo ilikuwa inakufa. Mrija ulikuwa umebanwa, mkojo ukarudi nyuma, figo ikavimba na kuacha kazi kidogo kidogo, na kila kanga niliyoacha kuitumia ilikuwa sehemu ya figo iliyozimika. Ilitolewa mwezi Julai 2022. Kipimo cha altrasaundi katika wiki zile za kwanza kingeweza kuonyesha figo imeanza kuvimba, na mrija ungeweza kuwekewa njia ya kupitisha mkojo, kisha kupandikizwa upya kwenye kibofu. Haya simwambii Jaji mimi, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Hisabati na Sayansi darasa la tano, na mahakama haiwezi kuyapokea kutoka kwangu.

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Sheria yetu ya Ushahidi inatambua maoni ya mtaalamu katika jambo la sayansi. Katika mashauri ya uzembe wa kitabibu kipimo kinachorejelewa bado ni kile cha shauri la Bolam la Uingereza la mwaka 1957, kwamba daktari hana hatia ya uzembe ikiwa alitenda kama ambavyo kundi la madaktari wenye ujuzi huo wangeona ni sahihi. Na tangu shauri la Bolitho la mwaka 1997, maoni ya kundi hilo yanatakiwa pia yahimili mantiki. Maana yake kwa mtu kama mimi ni kwamba daktari hupimwa kwa kauli za madaktari. Asipopatikana daktari wa kusema kilichopaswa kufanyika, na daktari wa kusema kwamba figo ingeokolewa kama ningepimwa mapema, shauri langu halina miguu hata kama kila mtu katika chumba kile anaiona kovu yangu.

Na madaktari hao ni wa nani? Hospitali niliyoishtaki ni ya umma, kwa hiyo nilitoa notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu wa Serikali akaunganishwa kwenye shauri, kama sheria inavyotaka. Upande wa pili haukupata taabu ya mashahidi. Madaktari wa hospitali ileile wamo kwenye orodha yao, na wanasafiri kikazi. Mimi nimewafuata mabingwa saba katika mikoa minne. Mmoja alinisikiliza saa nzima, akanichorea mrija kwenye karatasi ya dawa, akasema kwa hakika mwanafunzi wake asingefaulu mtihani kwa kosa lile, kisha akaniomba nisimtaje. Yule aliyenitoa figo, ambaye namheshimu na nitamheshimu hadi kufa, aliniambia, "Mama, mimi nimekutibu, mambo ya mahakama usiniingize." Wawili walitaka kibali cha mwajiri, na mwajiri ni yuleyule ninayemdai. Wakili alipendekeza tumlete mtaalamu kutoka Nairobi, lakini nauli, hoteli na malipo ya taarifa yake vilizidi mshahara wangu wa miezi mingi, na mkopo wa benki ninaokatwa sasa ni ule niliouchukua kwa ajili ya matibabu.

Sidhani kwamba wote hawa ni watu wabaya. Nadhani ni woga wa kuhamishwa kituo, na nadhani pia ni kufahamiana: mabingwa wa fani hii ni wachache, wamesomeshwa na walimu walewale, na anayetoa ushahidi leo anajua kesho atampigia simu huyohuyo kumwomba ushauri wa mgonjwa. Huenda ipo sababu nyingine ambayo mtu wa nje haioni. Ninachokiona mimi ni kwamba siku ya upasuaji walikuwa wengi kunizunguka, na siku ya mahakama nimebaki na wakili wangu tu.

Naambiwa pia kwamba nipeleke malalamiko kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika. Nimeshauriwa hivyo na kila mtu, na ninatambua kazi ya Baraza chini ya sheria ya mwaka 2017, lakini kumwadhibu daktari hakulipi deni la benki, na sikuwahi kuomba daktari yule afutwe. Ninaomba fidia ya figo. Sheria ya ukomo inatoa miaka mitatu kwa madai ya aina hii. Nilifungua shauri likiwa limebaki kama wiki tano, na likifutwa sasa kwa kukosa ushahidi siwezi kuanza upya.

Kila tarehe 23 Mei tunaadhimisha Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo ukeni kama lililonipata mimi, na viongozi husimama kueleza habari za uchungu wa muda mrefu na wanawake kuchelewa kufika hospitali. Ni kweli, na wanawake hao ni dada zangu. Lakini mimi sikuchelewa, nilijipeleka hospitali kwa miguu yangu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliopitia wanawake walioshonwa fistula katika nchi 11 kwa miaka 18, ulikuta wanawake 805, zaidi ya asilimia 13, ambao fistula yao ilitokana na upasuaji wenyewe, wengi wao wakiwa wamepasuliwa kwa matatizo ya uzazi. Ningependa siku moja, jukwaani, nasi tutajwe.

Mheshimiwa Waziri, pale mapokezi katika hospitali ile kuna ubao wa Mkataba wa Huduma kwa Mteja, na mstari mmoja unasema mteja ana haki ya kupewa taarifa sahihi kuhusu matibabu yake. Nimeupiga picha na ninao kwenye simu. Nakuomba uusimamie mstari huo hadi mahakamani. Toa waraka unaosema kwamba daktari bingwa wa serikali anayeombwa na mwananchi kutoa maoni ya kitaalamu apewe ruhusa bila masharti, na asihojiwe na mkuu wake wa kazi kwa sababu ya maoni hayo. Uingereza, ambako tumerithi kipimo cha Bolam, Sehemu ya 35 ya kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai inasema kwamba wajibu wa mtaalamu ni kwa mahakama, na wajibu huo unapita ule alio nao kwa anayemlipa. Daktari wa serikali akisimama na kusema kweli, hajaisaliti serikali, na pengine atasema kweli itakayoniumiza mimi. Niko tayari kuisikia.

Nilikuwa nimeandaa maombi mengi zaidi, kuhusu ada za taarifa za wataalamu, kuhusu hospitali kutoa nakala za faili bila kumzungusha mgonjwa kwa mganga mfawidhi miezi mitatu, kuhusu maelezo ya upasuaji kuandikwa kwa urefu unaostahili. Yote ni muhimu na wengine watayaeleza vizuri kuliko mimi. Kwa leo naomba moja. Shauri langu limepangwa kusikilizwa tarehe 18 ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Mruhusu daktari yule mzee aje, au mwelekeze mwingine yeyote mwenye ujuzi huo asome kurasa zilezile na aseme anachokiona.

Siku hiyo nitakaa benchi la nyuma karibu na mlango, mahali nilipozoea kukaa popote niendapo tangu mwaka 2021, ingawa sasa sivuji tena. Naomba karani atakapoita shahidi wa pili wa mdai, mtu asimame.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi, mdai