Barua kwa wavuvi vijana wa Kibirizi, Kigoma, juu ya marais na mipaka ya maji

Wanangu, salaam.

Tangu Malawi imrudishe Peter Mutharika madarakani mwaka 2025, nasikia mnavyobishana pale kwenye vichanja vya dagaa. Wengine mnasema Ziwa Nyasa sasa litawaka, wengine kwamba ugomvi wetu nao wa mpaka umekwisha. Ubishi wa Simba na Yanga kabisa.

Rais mpya hubadilisha mengi, sikatai. Tazameni Ufilipino. Benigno Aquino aliishitaki China mwaka 2013, baada ya ugomvi wa mwamba wa Scarborough katika Bahari ya Kusini ya China. Hukumu ya baraza la usuluhishi la kimataifa ikatoka tarehe 12 Julai 2016, ushindi mkubwa kwa Ufilipino, lakini Aquino alikwishaondoka. Rodrigo Duterte, ambaye hata majuma mawili ikulu hakuwa ameyamaliza, akaiweka kabatini; Oktoba huyoo Beijing, kutafuta mikopo na biashara. Mwaka 2022 akaingia Ferdinand Marcos mtoto. Huyu akawaongezea Wamarekani kambi nne za kijeshi za kutumia, na walinzi wake wa pwani wakawa wanarekodi meli za China zikiwapiga kwa maji ya mabomba, video dunia nzima inaona. Miamba ni ileile.

Wengi wenu mnaishia hapo. Septemba 2020 Duterte huyohuyo aliuhutubia Umoja wa Mataifa, akasema hukumu ile imekuwa sheria ya kimataifa, na serikali zinazopita haziwezi kuipunguza wala kuitupa. Yeye aliyeikalia miaka minne! Kubadilisha rafiki aliweza. Dai la nchi lilimshinda.

Nyasa ni hivyohivyo. Sisi Watanzania tunataka mpaka upite katikati ya maji. Malawi wanashika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, unaouweka ufukweni kwetu. Rais wao Bingu wa Mutharika, kaka yake Peter, alitoa leseni ya kutafuta mafuta mwaka 2011, akafariki mwaka uliofuata. Joyce Banda alipoingia watu walitarajia ulaini, kumbe mwaka uleule Malawi ikasimamisha mazungumzo. Na kwetu, tangu Mwalimu aliposhika msimamo huo mwaka 1967, hakuna rais aliyeulegeza.

Sasa ninyi. Ziwa Tanganyika tunaligawana na Kongo, Burundi na Zambia, na mkataba wa kulitunza ulisainiwa Dar es Salaam mwaka 2003. Marais kadhaa wamepita tangu hapo, mkataba upo. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, mlimlaumu rais, wakati nchi zote nne zinalia samaki wamepungua. Mgombea akija mwaloni na fulana zake, mwulizeni atasimamia nini katika mkataba huo. Habari za urafiki wake na jirani mwachieni mwenyewe. Na anayefuata migebuka hadi karibu na maji ya Kongo asiondoke bila leseni, eti kwa kuwa wakubwa wamepeana mikono kwenye runinga.

Kikao kijacho cha mwalo atafutwe kijana mwenye sauti ausome mkataba huo kifungu kwa kifungu. Nitakuja, ila mniwekee kiti chenye mgongo.

Mzee wenu,
Ujiji