Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kitivo cha Tiba kuhusu utafiti wa likizo usio na posho

Profesa, shikamoo.

Naandika hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako kwa utaratibu, kupitia kwa katibu muhtasi, zilipokelewa vizuri, zikagongwa muhuri, na safari yake ikaishia hapo. Wiki iliyopita limetoka tangazo jipya la "fursa za utafiti" kwa likizo ndefu ijayo. Nimelisoma mpaka chini. Muda: wiki kumi, kutwa nzima, Jumatatu hadi Ijumaa. Sifa: ufaulu wa juu, ujuzi wa takwimu na uzoefu wa utafiti (wa kuupata wapi, kama hizi ndizo nafasi za kuanzia?). Malipo: cheti cha ushiriki.

Tunashukuru kwa cheti. Nitampelekea mwenye nyumba wangu, huenda akanisamehe kodi.

Nikukumbushe, kwa heshima zote, kwamba siku ya kutukaribisha mwaka wa kwanza ulisema hakuna mwanafunzi wa kitivo hiki atakayefanya kazi ya utafiti bila posho. Tulipiga makofi. Ukatupa mfano wa daktari Banting na msaidizi wake Best, walioanza kazi iliyozaa insulini kule Toronto katika kiangazi cha 1921, Best akiwa kijana wa miaka 22 aliyetoka tu kumaliza shahada ya kwanza. Mfano mzuri sana. Ila uliruka kipande: walianza bila mshahara, na kabla mwaka haujaisha Banting alimwendea Profesa Macleod, mwenye maabara, akadai alipwe, akatishia kuondoka. Wakalipwa, tena na ya nyuma. Kama tunawaiga wale, tuwaige mpaka hapo.

Likizo iliyopita nilijitolea kwenye mradi mmoja. Kazi yangu ilikuwa kufungua majalada ya wagonjwa, kutafuta kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) iliyoandikwa na daktari wa zamu ya usiku kwa mwandiko ambao nadhani hata yeye hausomi, kisha kuijaza kwenye jedwali. Saba yako inaweza kuwa moja ya mwenzako, kwa hiyo kila tarakimu unairudia. Mchana majalada, jioni nafundisha tuisheni ili nile. Wiki za mwanzo tulikaa bure kabisa tukisubiri kibali cha kamati ya maadili, ambacho kilipaswa kuombwa miezi mingi kabla hatujafika. Makala imetoka. Jina langu limo kwenye shukrani.

Vigezo vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, kuhusu nani aitwe mwandishi wa makala, navijua, Profesa, ulitufundisha mwenyewe: kuchangia kazi kwa kiwango kikubwa, kushiriki kuandika au kuhakiki rasimu, kuidhinisha toleo la mwisho, na kuwajibika kwa kazi yote. Lakini mwongozo huohuo unasema aliyetimiza kigezo cha kwanza apewe nafasi ya kushiriki kwenye rasimu. Mimi rasimu sikuiona. Kwa hiyo fedha hakuna, jina kati ya waandishi hakuna, na tangazo linaniita tena.

Anayeweza kuitikia wito huo ni yule ambaye nyumbani wanamtumia fedha. Simlaumu, ni rafiki yangu. Ila tutakapogombea nafasi za ubingwa, wasifu wake utakuwa na machapisho na wangu utakuwa na tuisheni, halafu mtasema yeye ndiye anayependa sayansi.

Na tafadhali tusiambiwe kwamba jambo hili halijapata kufanyika duniani. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zina ruzuku iitwayo T35 kwa ajili ya mafunzo mafupi ya utafiti, miezi miwili au mitatu, na wanafunzi wa udaktari hupewa posho ya kujikimu. Ni ya raia na wakazi wa kudumu wa huko, najua. Ninachotaka uone ni kwamba anayeiomba ni chuo, wala si mwanafunzi. Mimi siwezi kujiandikia ruzuku. Wewe unaweza.

Nahisi, na nitafurahi nikisahihishwa, kwamba wasimamizi wetu wanapoandika bajeti za miradi hawaweki kabisa fungu la msaidizi mwanafunzi, kwa kuwa wanajua tutakuja bure. Au linawekwa, kisha linageuka nauli za makongamano.

Naomba posho. Kama haiwezekani kwa wote, basi kwa wasio na wa kuwatumia. Kama hata hilo ni zito, naomba orodha tu: nafasi zenye malipo, za hapa na za kwingine, nani anaruhusiwa kuomba, mwisho wa maombi lini. Programu nyingi za kiangazi hufunga maombi miezi kadhaa kabla, na sisi hupata habari zake zikishafungwa. Karatasi moja, Profesa, na ibandikwe mapema. Hiyo haihitaji ruzuku wala kikao cha baraza. Karatasi moja.

Wako mtiifu, bado,
Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa pili