Mume wangu anasema simtibu mbwa, najitibu mwenyewe

Shikamoo Shangazi,

Ninakuandikia kabla hakujapambazuka kwa sababu usingizi umenikataa, na kwa sababu najua kwamba kukicha nitaambiwa tena kuwa haya si mambo ya kumwandikia mtu. Jambo lenyewe linamhusu mbwa. Nakuomba usiiweke barua hii kando kwa kuliona neno hilo, maana nimekwisha kuchoka na watu wanaoguna kabla sijamaliza sentensi ya kwanza.

Mbwa wetu ana ugonjwa wa kingamwili. Kinga yake imezigeukia seli nyekundu za damu yake mwenyewe na kuziharibu kwa kasi kuliko uboho unavyoweza kuzitengeneza. Wewe umekwisha kusoma barua za watu wengi wenye maradhi ya jamii hii, kwa hiyo sitakuchosha kwa maelezo. Alianza kwa uchovu ambao sote tuliudhania kuwa ni utu uzima, kisha fizi zikapauka, mkojo ukageuka kahawia, na siku tuliyompeleka kliniki kiwango cha seli nyekundu katika damu yake kilikuwa asilimia 14, ilhali kwa mbwa mwenye afya hakitarajiwi kushuka chini ya 37 hivi. Aliongezewa damu. Alipimwa babesia na vimelea vingine vinavyoletwa na kupe, kwa kuwa navyo huweza kuharibu damu namna hiyo, na havikuonekana. Hapo ndipo daktari alipomwanzishia prednisoloni, dawa ya steroidi ya kuituliza kinga, miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, pamoja na dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sababu mbwa wengi wenye ugonjwa huu hufa kwa mabonge ya damu yanayoziba mishipa ya mapafu, hata pale ambapo damu yenyewe imeanza kupanda.

Mbwa hakufa. Namshukuru daktari kwa hilo na nimemshukuru mbele yake, ili usije ukafikiri kwamba mimi ni mtu asiye na shukrani.

Sasa nikufikishe kwenye neno lenyewe. Mara ya mwisho tulipokwenda kliniki nilimwuliza daktari, kwa adabu na kwa sauti ya kawaida, kama inawezekana kumwongezea mbwa wetu dawa iitwayo naltreksoni kwa kipimo kidogo. Kabla daktari hajafungua kinywa, mume wangu alisema: “Daktari, usimsikilize sana. Mke wangu hamtibu mbwa, anajitibu yeye.” Na daktari akacheka. Hakucheka sana, lakini alicheka, na msichana aliyekuwa amemshika mbwa mezani akainamisha uso ili nisimwone naye akitabasamu.

Shangazi, mimi si katika wale wanaookota kila kinachosemwa. Tangu mbwa augue nimeshauriwa mambo ambayo yangemuua ndani ya wiki. Kuna aliyeniambia nimpe kitunguu saumu ili kusafisha damu, wakati kitunguu saumu na kitunguu maji huharibu seli nyekundu za mbwa hata yule asiye na ugonjwa wowote. Kuna aliyeniletea mitishamba ya kuongeza kinga, nami nikamwuliza kwa upole, kinga ipi tena tunayotaka kuiongeza, ikiwa hiyo hiyo ndiyo inayomla? Vyote hivyo nilivikataa mwenyewe bila kushauriwa na mume wala daktari. Kwa hiyo nikiwekwa katika kapu moja na watu hao, tena mbele ya mgeni, naona nimeonewa.

Naltreksoni si majani ya porini. Ni dawa iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1984 kwa ajili ya watu wanaotaka kuacha afyuni na dawa za jamii yake, na kidonge chake cha kawaida ni cha miligramu 50. Ni katika miaka hiyo hiyo ya 1980 ambapo daktari mmoja wa New York, Bernard Bihari, alianza kuwapa wagonjwa wake kipimo kidogo mno cha dawa hiyo. Siku hizi kipimo kidogo kwa binadamu huwa kati ya miligramu 1.5 na 4.5, na kwa kawaida humezwa usiku. Wanaoitumia hivyo wanaeleza kwamba inaviziba kwa saa chache tu vipokezi ambavyo mwili huvitumia kupokea endofini zake, yaani vituliza maumivu vinavyotengenezwa na mwili wenyewe, nao mwili hujibu kwa kutengeneza endofini zaidi, na kwamba hilo huituliza kinga iliyochachamaa. Hata kwa mbwa si dawa ngeni kabisa, maana madaktari wa wanyama wamewahi kuitumia, kwa vipimo vikubwa zaidi, kwa mbwa wanaojilamba miguu mpaka wanajitia vidonda. Niliyasema haya kliniki, au nilikuwa nimejiandaa kuyasema, kwa sababu baada ya lile neno ulimi ulinikauka.

Ni haki pia nikueleze alichojibu daktari alipokwisha kucheka. Alisema kwamba dawa hiyo kwa kipimo hicho haijafanyiwa majaribio ya maana kwa mbwa wenye ugonjwa huu, na kwamba ugonjwa huu hauvumilii kubahatisha, kwa kuwa mbwa anaweza kuwa anakula vizuri asubuhi na jioni yake akawa hoi. Alisema tena kwamba tuko katikati ya kupunguza prednisoloni, robo ya kipimo kila baada ya wiki tatu hivi ikiwa vipimo vya damu vinaruhusu, na kwamba mtu habadilishi vitu viwili kwa wakati mmoja, kwani damu ikipanda au ikishuka hutajua umshukuru nani au umlaumu nani. Nakubali kwamba hayo ni maneno ya mtu anayejua kazi yake. Kama angeyasema bila kucheka kwanza, huenda ningerudi nyumbani nikalala.

Lakini yeye haishi naye. Anayeishi naye ni mimi. Prednisoloni imemfanya anywe maji mpaka bakuli linakauka na mimi ninamfungulia mlango usiku mara nyingi kuliko nilivyowafungulia watoto walipokuwa wadogo. Anahema hata akiwa amelala. Tumbo limeshuka, misuli ya kichwa na ya mapaja imenywea, manyoya yamekuwa machache mgongoni, na njaa imemfanya aibe, yeye ambaye hakuwahi kuiba. Kisha, damu ilipoyumba wakati wa kupunguza, akaongezewa azathioprini, dawa nyingine ya kuikandamiza kinga, ambayo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake na ambayo inabidi aangaliwe ini na uboho wakati wote anapoitumia. Mume wangu huona haya yote na kusema, “Si yuko hai?” Yuko hai, ndiyo. Mimi ninajua kutoka ndani kuwa hai namna hiyo kukoje.

Ninajua kwa sababu nilivimeza vidonge hivyo hivyo vya prednisoloni. Nina baridi yabisi, ile ambayo nayo ni kazi ya kinga iliyopotea njia, na kuna kipindi ambacho uso wangu ulivimba hata jamaa wakanipita bila kunitambua, na njaa ya saa nane za usiku ilinifanya nile chakula kikiwa baridi nikiwa nimesimama jikoni gizani. Mume wangu alikuwapo. Ndiyo maana neno lake liliniuma pale lilipouma. Angesema kwamba mimi ni mjinga ningemjibu, maana si mara ya kwanza. Aliuchukua ugonjwa wangu, ambao nilimwonyesha yeye peke yake, akaufanya kichekesho cha chumba cha daktari wa wanyama.

Labda unaanza kujiuliza habari za naltreksoni nilizipata wapi. Ninaitumia. Niliandikiwa na daktari wangu wa viungo, ni ya maji, nami huinywa kila usiku kabla ya kulala. Imenisaidia. Mume wangu anasema kilichonisaidia ni dawa zangu nyingine ambazo sikuziacha, na kwa kuwa ni kweli sikuziacha, hatuwezi kulimaliza bishano hilo. Kwa hiyo dawa imo ndani ya nyumba, imeandikwa jina langu, na kila usiku ninapoipima, mbwa hukaa miguuni pangu akitazama mkono wangu, kwa sababu ya njaa yake anadhani kila kinachopimwa ni chakula.

Sijampa, Shangazi. Naomba ulisome hilo mara mbili. Ninachokiri ni kwamba nilikwenda kwa mfamasia nikamwuliza kama dawa yangu imetiwa utamu wa zailitoli, kwa kuwa zailitoli humuua mbwa, huiangusha sukari ya damu yake kwa ghafla na kuliharibu ini. Mfamasia alinijibu kwamba haimo, kisha akaniuliza, “Kwani mama, unataka kumpa nani?” Nikasema nilikuwa nataka kujua tu. Natamani angenijibu kwamba imo, ili mlango huo ufungwe.

Wala sitaki kumwachisha prednisoloni. Ninajua kwamba mwili uliozoea steroidi husahau kutengeneza kortisoli yake, homoni ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo, na kwamba ukizikata ghafla mbwa anaweza kuanguka na kufa kwa sababu hiyo peke yake, mbali na ugonjwa wenyewe. Mume wangu anazungumza kama kwamba mimi nimepanga kuvitupa vidonge. Mimi nilisema kuongeza, sikusema kubadilisha, na daktari alisikia. Ingawa, tukiwa tunaambizana ukweli, ninatamani ifike asubuhi mbwa huyu aamke bila kidonge hata kimoja, na siwezi kukudanganya kwamba nilipokuwa nikiuliza habari za kuongeza sikuwa nikifikiria ni lini tutaanza kuondoa.

Kuna jambo jingine ambalo linanisumbua kuliko nilivyolionyesha mbele yao. Daktari amesema kwamba damu ikianguka tena, huenda tukafikiria kumtoa wengu, kwa kuwa ndimo nyingi ya seli nyekundu zinamoharibiwa. Hiyo ni operesheni, na operesheni inataka dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, na naltreksoni kazi yake ni kuzizuia dawa hizo hizo. Mimi mwenyewe nimeonywa hivyo kuhusu mwili wangu, na daktari wangu yeyote akinishika lazima nimwambie. Mbwa hawezi kumwambia mtu. Kama nitampa kimyakimya na usiku mmoja ikalazimu apasuliwe, nitasimama pale mapokezi na kusema nini, tena mbele ya mtu yule yule aliyekwisha kunicheka? Na kama nitasema, mume wangu atageuza uso wake na kunitazama, na sitahitaji kusikia neno lolote kutoka kwake.

Simtaki aniombe radhi. Tumeishi miaka mingi na hakuna kati yetu aliye hodari wa radhi. Lakini tangu siku ile ameshika zamu ya vidonge vya asubuhi na vya jioni, anaviweka ndani ya kipande cha nyama, anampapasa mbwa shingoni huku akizungumza naye kwa sauti ambayo kwangu haijatoka siku nyingi, na hanikabidhi kiboksi cha dawa hata nikinyoosha mkono. Anasema ananipumzisha. Mimi naona ananilinda nisimkaribie mgonjwa wangu mwenyewe. Kama angetamka tu kwamba hakupaswa kusema vile mbele ya daktari, ningeweza kumweleza habari ya mfamasia na tukaicheka pamoja.

Dada yangu ananishauri nimtafute daktari mwingine wa wanyama, mwenye kukubali tiba za namna hii. Ningeweza. Lakini huyu ndiye aliyekuwa naye usiku ule wa asilimia 14, ana rekodi zake zote, na nikimwondoa mbwa pale itakuwa ni kwa sababu ya kicheko, si kwa sababu ya damu, na hapo mume wangu atakuwa amesema kweli.

Basi naomba uniambie. Je, kuna ubaya mtu kumtafutia mgonjwa wake nafuu kwa njia ambayo yeye mwenyewe imempa nafuu? Nimekosea wapi kuuliza? Na je, nimwendee daktari peke yangu, nimweleze waziwazi kwamba dawa ninayo, kwamba naitumia mimi na sijampa mbwa, na nimwulize tena ni lini, vipimo vikishatulia, anaweza kukubali tuijaribu chini ya macho yake? Au nikifanya hivyo nitakuwa nimekwenda kumthibitishia kile alichoambiwa na mume wangu?

Alhamisi tunarudi kupima damu, na mume wangu amekwisha kusema kwamba ataingia nami. Sijui kama nimwombe abaki nje. Mbwa hutulia zaidi akimshika yeye, hilo siwezi kulikana, lakini sitaweza kufungua kinywa naye akiwa amesimama pale. Ukiweza, nijibu kabla ya siku hiyo.

Ni mimi, msomaji wako.