Kwako Zuhura, kuhusu mgongo wa mama

Nairobi, Jumapili usiku

Mpendwa Zuhura,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Pole sana, ndugu yangu. Uliposema saratani ya titi imefika kwenye pingili za mgongo wa mama yako, nilirudi palepale tulipoambiwa sisi mwaka juzi kuhusu mama yangu.

Umeniuliza mionzi ya kulenga ina tofauti gani na ile ya kawaida. Pingili zimeukumbatia mshipa mkuu wa fahamu, ule unaoipa miguu nguvu. Mionzi ya kawaida huupitia mshipa huo pamoja na uvimbe, kwa hiyo dozi lazima iwe ya kiasi. Ya kulenga huja kwa miale myembamba kutoka pande nyingi, yote ikutane kwenye uvimbe, na makali yake hushuka ghafla ndani ya milimita chache tu. Ndiyo maana wanathubutu kutoa dozi kubwa kwa siku 1 hadi 5. Katika utafiti uliofanywa Kanada na Australia na kuchapishwa 2021, waliolengwa kwa siku 2 walipona maumivu kabisa 35 katika kila 100 baada ya miezi mitatu. Wa mionzi ya kawaida, 14.

Mama yangu alilazwa juu ya mfuko wenye punje, wakafyonza hewa mpaka ukawa mgumu kwa umbo la mgongo wake. Karibu saa nzima hakujitikisa. Hata vidole alikatazwa kusogeza, akaleta dhikri yake kimoyomoyo. Mionzi yenyewe hakuihisi hata kidogo. Maumivu yalipanda usiku ule, nikaogopa mno, ingawa tulikuwa tumeonywa na vidonge tulipewa. Uliza hilo mapema. Uliza pia kuhusu pingili kuvunjika baadaye, maana hutokea.

Mionzi hii ya kulenga haimfai kila mgonjwa. Uvimbe ukishaugandamiza mshipa, mara nyingine upasuaji hutangulia. Kwa hiyo nakusihi, Zuhura: miguu ya mama ikianza kufa ganzi au kulegea, au haja ndogo ikimshinda, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.

Mkija huku, njooni na picha zote za MRI (kile kipimo cha sumaku), si ripoti peke yake. Chumba cha watoto nimeshakitandika. Godoro ni gumu, mama atalala vizuri.

Wako,
Mwanaisha