Mama Neema, kile kinasa sauti chako bado kipo?

Nzuguni, Dodoma
Jumapili jioni

Mama Neema mwenzangu,

Mbukwenyi! Najua huko Morogoro hakuna wa kukuamkia hivyo. Neema hajambo? Na baba yake? Sisi tupo, vumbi na upepo kama ulivyotuacha, maji kwa zamu. Nina shida, na usicheke mpaka umalize kusoma.

Kile kinasa sauti ulichozunguka nacho enzi za redio, na kimaiki chake cha kubana shatini, bado unacho? Nakitaka. Ni kwa ajili ya kuku.

Nilikwambia lile bechi la Juni liliharibika, ila sikukwambia lilivyoharibika. Mtandao ulikata, nikashukuru. Broila 200, wiki ya nne. Jioni naingia bandani nakuta vyombo vimejaa chakula. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi! Mfuko ulikuwa umepanda bei, nikasema leo wamenionea huruma. Kesho yake vimejaa vilevile, nikafurahi tena. Siku ya tatu nikaona damu kwenye maranda. Afisa mifugo, yuleyule wa chai sukari vijiko vinne, akasema ni kuhara damu, na kwamba kuku akianza kuumwa mara nyingi huacha kula kabla hujaona kingine chochote. Walikufa 83. Mtu mzima nashangilia chakula kubaki, Mama Neema.

Sasa Elia, yule wa dada anayesoma kompyuta UDOM, akanikuta na daftari la hasara. Akasema, "Mama mdogo, kuku akila anagonga chombo. Tuyahesabu mapigo." Nikadhani ananitania.

Nilipoingiza vifaranga wapya, akafunga simu yake ya zamani ubavuni mwa chombo chao kwa mpira wa baiskeli. Baadaye akanionyesha sauti ilivyochorwa kwenye kompyuta: kila kifaranga anapodonoa panasimama mwiba mwembamba, halafu kimya, mwiba mwingine. Akilia, mchoro unajivuta kama mkia. Programu inaokota miiba, mikia inaiacha. Kumbe watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walishaandika habari hii mwaka 2014: maiki kwenye chombo, programu ikatambua mapigo 93 kati ya 100, na kwa idadi hiyo wakakadiria chakula kilicholiwa.

Mtambo wetu si wa Leuven. Tunapima chakula kabla na baada kwa mzani wangu wa nyanya, hesabu zinagoma, maana hawa watoto wana fujo: anadonoa, anatupa pembeni, mzani unapungua na tumbo halina kitu. Upepo nao! Rekodi ya kwanza ilikuwa uuuuu mwanzo mwisho. Tukaivalisha simu soksi ya shule. Mama mkwe kaona simu imevaa soksi bandani, tangu hapo hajaniuliza kitu, ananitazama tu.

Juzi saa saba mchana mapigo yalishuka karibu yote. Nilikimbia bandani moyo mkononi. Wapo, wanahema midomo wazi kwa joto, hata mimi ugali ulikuwa umenishinda. Jua lilipopoa wakarudi kugonga kama mafundi bati. Ndiyo maana nahitaji siku nyingi mfululizo, nijue saa saba yao ya kawaida ikoje na saa kumi na mbili ikoje, ili siku wakinyamaza kwa ugonjwa nisishangilie tena. Simu haiwezi. Betri inakufa mapema, halafu hii ya Elia inajifanya inasafisha sauti: inaacha maneno ya watu na kufuta makelele, na kwake kuku ndiyo makelele yenyewe.

Kwa hiyo, kinasa kinakaa usiku kucha au mpaka nichomeke umeme? Betri zake ni zile za rimoti? Maiki itastahimili vumbi la maranda, au niinunulie soksi yake? Wakiidonoa nitakulipaje? Na yule mwenzetu wa mtaa wa Kikuyu, pesa ya mchezo alishatuma, au bado "kesho"? Neema kapangiwa shule gani? Unakuja lini wewe?

Vifaranga wana siku 16, na wale wa Juni walianza kuacha chakula wiki ya nne. Kama kuna mtu wako anakuja kwa treni mpe, la sivyo mkabidhi konda wa basi la Alhamisi. Stendi mpya ipo huku kwetu, nitafuata kwa miguu.

Wako,
Mama Yona